Mwongozo Kamili wa Kutazama Sumo kwa Anayeanza Bila Kujua Lolote

Mtu anayetazama sumo kwa mara ya kwanza huona wanaume wawili wazito, waliofunga kitambaa kinene kiunoni, wakichuchumaa, wakiinuka, wakirusha chumvi na kuchuchumaa tena kwa muda wa dakika nne, kisha wanagongana na mmoja wao yuko nje ya duara kabla mtazamaji hajarudisha kikombe mezani. Akishaona hivyo mara tatu, hubadilisha chaneli. Nami nilibadilisha. Niliporudi baadaye, kwa kuvutwa na rafiki asiyekubali kushindwa hoja, nilitambua kwamba nilikuwa nimetazama matumbo, na pambano lilikuwa linaamuliwa na nyayo na viganja. Tena nilikuwa nimetazama pambano mojamoja, ilhali raha ya sumo iko katika hesabu ya siku kumi na tano.

Mwongozo huu unamchukua msomaji kutoka kalenda hadi kiti cha ukumbini. Maneno ya Kijapani nimeyaacha yalivyo pale ambapo watazamaji wote duniani huyatumia, na ni rahisi kwetu kuyatamka kwa sababu karibu kila silabi ya Kijapani huishia kwa irabu kama ya Kiswahili.

Hatua ya 1: Jua lini na saa ngapi

Mashindano makuu, yanayoitwa honbasho au kwa kifupi basho, hufanyika mara sita kwa mwaka, katika miezi yenye namba witiri: Januari, Mei na Septemba jijini Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya na Novemba Fukuoka. Mpangilio huo wa mara sita umekuwapo tangu mwaka 1958. Kila basho huanza Jumapili, huchukua siku 15 mfululizo na humalizika Jumapili.

Mapambano ya daraja la juu huanza karibu saa kumi alasiri kwa saa za Japani na humalizika karibu na saa kumi na mbili jioni. Hapa msemaji wa Kiswahili aliyeko Afrika Mashariki ana bahati ambayo sijaona mwenzetu yeyote akiisifia. Tokyo iko saa sita mbele yetu, na sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, kwa hiyo mishale ya saa ya Tokyo husomeka sawasawa na saa tunayoitaja kwa Kiswahili. Ratiba ya kimataifa ikiandika kwamba pambano ni saa 4:00 alasiri ya Tokyo, wewe uliyeko Tanga au Nakuru soma saa nne asubuhi bila kutoa wala kujumlisha. Na pambano la mwisho la siku huangukia saa sita mchana. Aliyeko Bujumbura, Kigali au Lubumbashi aondoe saa moja, na aliyeko Maskati aongeze moja.

Idhaa ya NHK World-Japan hutangaza kwa Kiingereza, bila malipo katika intaneti, muhtasari wa kila siku ya basho pamoja na baadhi ya siku moja kwa moja. Tovuti ya Chama cha Sumo cha Japani nayo ina kurasa za Kiingereza zenye ratiba, vyeo na matokeo. Anza na muhtasari. Ni mfupi, umeondoa sehemu kubwa ya zile dakika nne, na utakuwezesha kuzoea sura na majina. Lakini usiishie hapo, kwa sababu kilichoondolewa ndicho utakachokitaka baadaye.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma banzuke

Siku 13 kabla ya basho, siku ya Jumatatu, hutolewa banzuke, yaani karatasi moja yenye vyeo vya wanamieleka wote, ambao jumla yao ni takriban 600. Huandikwa kwa mkono na mwamuzi, kwa mwandiko mnene uliobanana hata weupe wa karatasi hauonekani, kwa kuwa huo ndio mfano wa ukumbi unaotakiwa: uliojaa, usio na kiti kitupu. Majina ya wakubwa yako juu kwa herufi nene. Kadiri unavyoteremka herufi zinazidi kukonda, na wale wa safu ya mwisho kabisa wamepewa jina la utani la "kioo cha kukuzia", kwa kuwa bila hicho hawasomeki.

Madaraja ni sita. La juu ni makuuchi, lenye watu wasiozidi 42, likifuatwa na juryo lenye 28, makushita lenye 120, kisha sandanme, jonidan na jonokuchi. Mstari mzito kuliko yote ni ule unaotenganisha juryo na makushita, na ningemshauri mgeni aujue kabla hata ya kujua jina la bingwa. Aliye juu ya mstari huitwa sekitori: hulipwa mshahara, ambao kwa juryo ni takriban yen milioni 1.1 kwa mwezi, huvaa mkanda wa hariri ulingoni, huwa na wasaidizi wa kumtumikia, na hupigana siku zote 15. Aliye chini ya mstari hana mshahara, hupewa posho ndogo kila basho pamoja na chakula na malazi, hupigana mara saba tu, na anaweza kuwa ndiye anayembebea sekitori mto wa kukalia. Kwa hiyo pambano la wawili walio ukingoni mwa mstari huo, mmoja akipania kupanda na mwingine akihofia kushuka, mara nyingi huwa na uchungu kuliko la wakubwa, ijapokuwa huchezwa wakati ukumbi uko nusu tupu.

Ndani ya makuuchi vyeo hupanda hivi: maegashira, wanaopewa namba, kisha komusubi, sekiwake, ozeki na yokozuna. Kila cheo kina upande wa mashariki na wa magharibi, na wa mashariki ndiye mkubwa kidogo.

Sasa hesabu yenyewe. Katika mapambano 15, ushindi mara nane huitwa kachi-koshi na kwa kawaida hukupandisha. Kushindwa mara nane ni make-koshi na hukushusha. Ndiyo maana mtu mwenye ushindi 7 na kushindwa 7 hupigana siku ya mwisho kana kwamba anatetea shamba la urithi. Ozeki ana kinga kiasi: akipata make-koshi mara moja huonywa, akirudia katika basho linalofuata huteremshwa kuwa sekiwake. Yokozuna hateremshwi kamwe. Hilo linasikika kama upendeleo mpaka utakapoelewa sharti lake, kwamba yokozuna asiyeweza tena kushinda hana mahali pa kushukia na hutarajiwa kustaafu. Ili kufika huko, ozeki kwa kawaida anapaswa kutwaa ubingwa mara mbili mfululizo au kufikia kiwango kinachohesabiwa kuwa sawa na hicho. Tangu hesabu ya vyeo hivyo ilipoanza kuwekwa hadi mwaka 2025 wamepatikana 75 tu. Wa 74 ni Hoshoryu kutoka Mongolia, aliyepandishwa Januari 2025, na wa 75 ni Onosato, Mjapani, aliyepandishwa Mei mwaka huohuo baada ya mabasho 13 tu tangu aanze sumo ya kulipwa.

Hatua ya 3: Uangalie ulingo kabla ya watu

Ulingo huitwa dohyo. Ni jukwaa la udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa mikono hadi ukakaza kama sakafu, na juu yake kuna duara la kipenyo cha mita 4.55 lililozungushiwa mafungu ya majani makavu ya mpunga, yaliyofukiwa nusu ndani ya udongo. Kipenyo hicho ni cha tangu mwaka 1931. Awali duara lilikuwa dogo zaidi, na mapambano yalikuwa mafupi zaidi. Katikati kuna mistari miwili myeupe iliyotengana kwa sentimita 70, ambayo kila mmoja huanzia nyuma ya wake. Nje ya duara hufagiliwa mchanga laini, na huo una kazi: kisigino kikigusa nje, alama hubaki mchangani.

Juu ya ulingo kunaning'inia paa la mtindo wa hekalu la Shinto, lenye uzito wa tani kadhaa, lisiloshikiliwa na nguzo. Nguzo ziliondolewa mwaka 1952 ili watazamaji waone vizuri, na mahali pake pakawekwa vishada vinne vikubwa vya rangi ya kijani, nyekundu, nyeupe na nyeusi, vinavyosimamia masika, kiangazi, vuli na kipupwe cha Japani. Kabla ya basho, waamuzi wakuu hufanya ibada na kufukia katikati ya ulingo chumvi, mchele uliooshwa, mwani mkavu, ngisi mkavu na aina mbili za kokwa. Msomaji aliyekulia pwani na kuona sadaka ikitolewa kabla ya chombo kushushwa majini hatahitaji maelezo marefu.

Hatua ya 4: Usizikimbie dakika nne

Katika makuuchi, wapinzani wana dakika nne tangu waitwe hadi waanze. Juryo dakika tatu. Chini ya hapo mbili. Zamani hapakuwa na kikomo, na watu waliweza kukaa wakikodoleana macho mpaka kila mmoja aridhike. Kikomo kililetwa mwaka 1928, redio ilipoanza kutangaza sumo na ikawa haiwezekani kumngoja mtu mpaka moyo wake utulie.

Yatazame mambo haya kwa utaratibu. Mwitaji hupanda ulingoni akiwa na upepeo na kuyaimba majina kwa sauti ya kuvuta. Wanamieleka hupanda, huinua mguu mmoja juu kando na kuukita chini, kisha mwingine. Kitendo hicho huitwa shiko, nao huweza kukifanya mara mamia kwa siku mazoezini. Hupewa maji ya kusukutua na mtu wa upande wao aliyeshinda muda huohuo, kwa kuwa aliyeshindwa haruhusiwi kumpa mtu maji ya nguvu. Hunyoosha mikono na kugeuza viganja ili kuonyesha kwamba hawakuficha silaha. Hurusha chumvi kuutakasa ulingo: wengine kwa kipimo cha mpishi bahili, wengine kama anayemwaga gunia. Kisha huinama kwenye mistari na kuangaliana, huinuka, hurudi kwenye kona kujifuta na kuchukua chumvi nyingine.

Hapo katikati ndipo mambo yanapoanza. Katika kuinama kwa kwanza na kwa pili hakuna anayetarajia mgongano, lakini kanuni haiwakatazi kuanza kabla ya muda wakikubaliana kwa macho. Mtazame aliye mtulivu na yule anayechelewa kugeuka ili wa mwisho kukata jicho awe yeye. Muda ukiisha, mwamuzi hubadili mkao wake, chumvi ya mwisho hurushwa, na ukumbi mzima huguna kwa pamoja. Mtu akishausikia mguno huo mara kadhaa, hautaki tena ule muhtasari uliokatwakatwa.

Hatua ya 5: Pambano lenyewe, na mahali pa kuweka macho

Kanuni ni mbili. Anayegusa ardhi kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa nyayo ameshindwa, na anayegusa nje ya duara ameshindwa. Imekatazwa kupiga ngumi, kuvuta nywele, kutia vidole machoni, kukaba koo na kupiga mateke ya kifua au tumbo. Kofi la kiganja wazi limeruhusiwa, na lisikushangaze likilia ukumbi mzima.

Macho yako yawe kwanza kwenye mikono inayogusa udongo. Hakuna filimbi ya kuanza: pambano huanza pale wote wawili wanapokuwa wameweka mikono chini na kuchomoka pamoja. Huo mgongano wa kwanza huitwa tachiai, nao huamua sehemu kubwa ya yanayofuata. Mmoja akitangulia mno, mwamuzi husimamisha na wote hurudi. Angalia nani amechomoka akiwa chini zaidi, kwa kuwa aliye chini humwinua mwenzake, na mtu wa kilo 170 akishainuliwa kifua, uzito wake humgeuka.

Baada ya hapo hamisha macho miguuni. Mwanamieleka mzuri haachi udongo; nyayo zake huteleza chini bila kunyanyuka, vidole vikishika ardhi, magoti yamekunjwa. Ukiona mguu unanyanyuka pasipo sababu, au visigino vya mtu vimelingana mstari mmoja, huyo yuko karibu kuanguka hata kama kwa juu anaonekana kusukuma. Nilihitaji karibu basho zima ili jicho langu likubali kushuka huko, kabla ya hapo nilikuwa kila siku nikiuliza "imekuwaje?"

Kisha viganja. Wanamieleka wako wa namna mbili kuu. Wapo wa kusukuma, wanaotaka kumweka mpinzani mbali na kumpeleka kwa mfululizo wa makumbo ya kifuani na shingoni. Na wapo wa kushika, wanaotaka kuukamata mkanda, ambao huitwa mawashi. Mkono unaopita chini ya kwapa la mpinzani ni wa ndani, unaopita juu ya mkono wake ni wa nje, na karibu kila mtu ana upande aupendao. Ukijua kwamba fulani hupenda mkono wa kulia ndani na kushika kwa nje kwa kushoto, utaona pambano zima likiwa ni mabishano juu ya sentimita chache za kitambaa: mmoja anazungusha kiuno ili mkanda usifikiwe, mwingine anapapasa kwa vidole viwili. Akiupata, mara nyingi mambo yamekwisha ingawa bado hawajasogea.

Mbinu rasmi za kushinda ni 82, na usijisumbue kuzikariri. Zinazotosha kwa basho la kwanza ni chache. Yorikiri ni kumshika mkanda na kumtoa kwa kumkandamiza kifua kwa kifua. Oshidashi ni kumtoa kwa kusukuma bila kushika. Uwatenage ni kumtupa kwa mkono wa nje ulioshika mkanda. Hatakikomi ni kumkwepa anayekuja kwa nguvu na kumsukumiza mgongoni aende chini kwa kasi yake mwenyewe. Sotogake na uchigake ni ngwala, moja ya nje na nyingine ya ndani, na anayeijua mieleka ya utotoni mchangani hatauliza ni nini. Utchari ndiyo ninayoipenda kuliko zote: mtu amesukumwa hadi kwenye majani ya mpunga, mgongo umepinda, na badala ya kutoka anajizungusha na kumtupa msukumaji nje kwanza.

Kuna jambo moja litakalokugawa na watazamaji wengine, nalo ni henka, yaani kuruka pembeni wakati wa tachiai na kumwacha mwenzako agongane na hewa. Kanuni inairuhusu. Kwa mdogo anayekabili jabali husamehewa. Kwa mkubwa ni aibu. Machi 2016 huko Osaka, Hakuho, mwenye rekodi ya mataji 45, alitwaa ubingwa siku ya mwisho kwa kumkwepa hivyo yokozuna mwenzake Harumafuji, ukumbi ukamzomea, naye akaomba radhi kwa machozi alipohojiwa. Mimi niko upande wa waliozomea, ijapokuwa nakiri kwamba mchezo usio na madaraja ya uzito hauna budi kumwachia mwepesi mlango wa kutokea.

Hatua ya 6: Mfuate mwamuzi

Mwamuzi wa ulingoni, gyoji, huvaa joho la kale na kushika upepeo wa mbao, ambao humwelekezea mshindi. Hana ruhusa ya kusema hakuona. Lazima aelekeze upande mmoja papo hapo. Kelele zake "Nokotta! Nokotta!" zina maana kwamba bado wote wamo duarani, na "Hakkeyoi!" ni ya kuwahimiza waliosimama kimya. Waamuzi wa cheo cha juu kabisa hubeba jambia dogo kiunoni, ishara ya zamani ya kuwa tayari kujitoa uhai kwa uamuzi mbaya.

Kuzunguka ulingo hukaa mahakimu watano waliovaa nyeusi, wote wanamieleka wastaafu. Mmoja akiinua mkono, hupanda juu kujadiliana, na mmoja wao husikiliza kwa kifaa cha sikioni chumba chenye video. Video ilianza kutumika Mei 1969, miezi miwili baada ya yokozuna Taiho kukatiwa mfululizo wa ushindi 45 katika pambano na Toda, ambapo picha zilionyesha kwamba mguu wa Toda ulikuwa umetangulia kutoka. Matokeo ya kikao yanaweza kuwa matatu: uamuzi ubaki, ugeuzwe, au wapigane tena palepale, wakihema.

Hatua ya 7: Chagua mtu wako

Bila mtu wa kumfuata, siku 15 ni nyingi. Chagua mmoja, na ikiwezekana asiwe yokozuna. Mtu wa katikati ya maegashira atakufundisha mengi kuhusu wasiwasi wa namba nane. Katika jedwali la matokeo, duara jeupe ni ushindi na jeusi ni kushindwa. Fuata mstari wake kila siku. Angalia pia nani hawezi kupangiwa: wa kambi moja, yaani nyumba moja ya kuishi na kufanyia mazoezi, hawapigani, wala ndugu, isipokuwa wakifungana kwa ubingwa. Ndivyo ilivyotokea Novemba 1995, ndugu wawili wa damu, Takanohana na Wakanohana, walipolazimika kukabiliana kwa ajili ya kombe, na mkubwa, Wakanohana, akashinda.

Kwa msomaji wa bara letu kuna jina la kurudi nyuma kulitafuta katika video: Osunaarashi, "dhoruba kuu ya mchanga", mzaliwa wa Misri, aliyeanza mwaka 2012 na kuwa Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa. Basho la Julai 2014 lilimkuta katika mwezi wa Ramadhani, naye ni Mwislamu aliyekuwa akifunga. Akiwa maegashira, aliwaangusha mayokozuna wawili, Kakuryu na Harumafuji, katika siku mbili zinazofuatana. Maegashira anayemwangusha yokozuna hupata kinboshi, nyota ya dhahabu, inayomwongezea malipo muda wote atakaokuwa sekitori, na watazamaji hurusha mito yao ya kukalia kuelekea ulingoni ingawa wameombwa wasifanye hivyo. Alifika cheo cha maegashira namba moja kabla ya kuacha mwaka 2018.

Ukipenda wadogo wa mwili, mtafute Mainoumi wa miaka ya tisini, ambaye hakufikia urefu wa sentimita 173 uliotakiwa na akawekewa silikoni chini ya ngozi ya kichwa ili apimwe na kupita. Ukipenda waliorudi kutoka shimoni, mtafute Terunofuji, ozeki aliyeporomoka kwa magoti na maradhi hadi daraja la jonidan mwaka 2019, kisha akapanda ngazi zote upya na kuwa yokozuna wa 73 mwaka 2021.

Hatua ya 8: Tazama siku moja ya zamani kwa makini

Ninapendekeza siku ya mwisho ya Machi 2017, Osaka. Kisenosato alikuwa ndiyo kwanza amekuwa yokozuna, Mjapani wa kwanza kupandishwa tangu 1998, na siku ya 13 alikuwa amesukumwa nje na Harumafuji akaumia bega na kifua cha kushoto, upande ambao ndio uliokuwa silaha yake. Siku ya 14 alishindwa bila kupigana vya maana. Siku ya 15 alimkabili Terunofuji, aliyekuwa mbele yake kwa ushindi mmoja, na ili atwae kombe alipaswa kumshinda mara mbili katika alasiri moja.

Tazama pambano la kwanza huku macho yako yakiwa kwenye mkono wake wa kushoto, uliofungwa bandeji: haufanyi kazi. Anarudi nyuma, anazunguka ukingoni, na kwa mkono wa kulia anamwangusha mwenzake kwa kumsukumia chini. Katika pambano la marudio anabebwa moja kwa moja hadi majanini, na akiwa hapo anaukamata mkono wa Terunofuji kwa juu na kumzungusha. Wakati wa wimbo wa taifa alilia waziwazi. Kisha tafuta kilichofuata: alikosa au kujiondoa katika mabasho manane mfululizo, na Januari 2019 akastaafu. Baadhi ya mashabiki bado wanasema hakupaswa kupanda ulingoni siku ile, na mimi, kila nikiitazama tena, hubadili upande.

Hatua ya 9: Yajue pia yasiyopendeza

Mgeni anayeupenda utamaduni wa wengine hushawishika kuupiga msasa. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alikufa kambini baada ya kupigwa kwa jina la mazoezi. Mwaka 2011 iligundulika kwamba baadhi ya wanamieleka, hasa wa juryo, walikuwa wakipanga matokeo, na basho la Machi likafutwa. Ukirudi kwenye mstari wa mshahara niliouzungumzia juu, utaelewa kishawishi kilitoka wapi. Wanawake hawaruhusiwi kupanda dohyo, na Aprili 2018 katika mji wa Maizuru, meya alipoanguka akihutubia na wanawake wakapanda kumhudumia, walitangaziwa kwa kipaza sauti washuke. Chama kiliomba radhi, kanuni imebaki. Kila kambi nayo hairuhusiwi kuwa na zaidi ya mwanamieleka mmoja kutoka nje ya Japani.

Hatua ya 10: Ukijaliwa kufika Ryogoku

Ukumbi wa Tokyo, Kokugikan, uko mtaa wa Ryogoku, ulifunguliwa mwaka 1985 na hubeba watu wapatao 11,000. Si mbali na hapo pana hekalu la Ekoin, ambako mashindano yalifanyika karne ya 19 kabla ya kujengwa ukumbi wa kwanza mwaka 1909. Tiketi huuzwa takriban mwezi mmoja kabla ya basho na huisha upesi. Sakafu ya chini ina vizimba vya kukaa kwenye mito, vinavyohesabiwa kuwa vya watu wanne, ingawa wanne wa kimo cha wastani watakaa kama dagaa kwenye kopo. Unavua viatu, na miguu isiyozoea kukunjwa itakulalamikia kufikia saa kumi. Viti vya ghorofani ni vya bei nafuu, vina egemeo, na kwa mara ya kwanza ndivyo ningevichagua.

Nenda mapema. Mapambano ya vijana wa chini huanza asubuhi, kuna utulivu, na unaweza kusikia vichwa vikigongana. Ukishaona juryo wakiingia na mafuta ya nywele yakaanza kunukia utamu ukumbini, rudi kwenye kiti chako. Mishikaki ya kuku wa hapohapo ni maarufu, na sababu ya kuku ni ya kishirikina: kuku husimama kwa miguu miwili, ilhali mnyama wa miguu minne anafanana na mwanamieleka aliyeweka mikono chini. Wasiokula nguruwe wasichukulie hilo kuwa dhamana kwa vyakula vingine, waulize.

Pambano la mwisho likiisha, usiinuke. Mwanamieleka mmoja hupanda na upinde na kuuzungusha kwa mikono, mbele, nyuma, juu ya kichwa, na kila mzunguko watu hupaza sauti. Ukitoka nje utasikia ngoma ikipigwa kutoka juu ya mnara ulio mbele ya lango, kwa mapigo ya haraka yanayotawanyika, na maana yake ni kuwakaribisha watu tena kesho. Siku ya 15 ngoma hiyo haipigwi.